Kidonda Nisichokitazama

Kazi yangu ni kutoamini watu. Miaka ishirini na tatu nasimama bandarini Malindi, hapa Unguja, nikikagua mizigo inayoshuka kutoka Dar es Salaam, na neno langu ni moja: "Fungua nione." Mtu ataniapia kwa Mungu wake, atanionesha karatasi zake, ataniita sheikh, ataniita bosi, mimi sina habari. Fungua nione. Wachukuzi wamenibandika neno hilo likawa jina langu, mpaka watoto wao wananiitia nikipita Darajani. Wanadhani nakasirika, na kweli nakasirika.

Nayasema haya mwanzo asije mtu akanihurumia, akadhani mimi ni mjinga niliyedanganywa. Sikudanganywa. Mama yangu aliniambia "pazuri" karibu wiki mbili, kila asubuhi, nami naijua vizuri sauti ya mtu anayesema pazuri mahali pasipo pazuri. Naisikia kila siku kazini.

Moyo wa mama ulikuwa na mlango uliokakamaa. Ndivyo tulivyoelezwa, kwamba moyo una milango ya kupitishia damu, na mmoja wa kwake umekuwa mgumu, haufunguki sawasawa. Ngazi za nyumba yetu Kikwajuni ni kumi na moja, na yeye alikuwa akizipanda kwa kukaa mara mbili njiani. Siku moja nilimkuta ameanguka jikoni, mbuzi ya nazi iko ubavuni pake na kifuu bado kimo mkononi. Kwa umri wake na hali yake hakuweza kupasuliwa kifua. Tukapelekwa India. Huko wanauingiza mlango mpya ndani ya mpira mwembamba, wanaupitisha kwenye mshipa mpaka moyoni, na mgonjwa yupo macho anavuta uradi wake.

Daktari wa kule alikuwa na moyo wa plastiki mezani, unafunguka kama kopo. Alieleza kwa Kiingereza, nami namfasiria mama. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akajipapasa mkono na shingo, akauliza, "Na huo mpira mtaupitishia wapi?"

Daktari hakungoja tafsiri. Alijishika kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo.

Mama akanigeukia. "Wewe, toka nje."

"Mama, nani atakufasiria?"

"Mungu atanifasiria. Toka."

Nikatoka. Nikakaa ukumbini na watu wa mataifa mengine na wagonjwa wao, nacheka peke yangu. Sikuona kama pana jambo kubwa. Mama yangu ni mtu wa haya, nimemjua hivyo tangu nina akili. Kanga yake haijapata kumteleza kichwani hata akiwa peke yake na kuku uani.

Kazi ile walifanya vizuri, sitaki kuwadhulumu. Siku ya tatu mama alitembea ukumbi mzima asikae hata mara moja, na midomo yake, iliyokuwa ya kijivu mwaka mzima, ilirudi rangi. Nilikwenda chooni nikalia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, Mhindi mmoja aliyekuwa ananawa akaniangalia kwa mashaka.

Kabla ya kuondoka daktari aliniweka kitako. Moyo wa mama, aliniambia, una tabia ya kwenda mbio bila mpango, na moyo wa namna hiyo damu huweza kuganda ndani yake. Kwa hivyo atakunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Lakini damu nyepesi ikipata tundu haisimami upesi. "Basi pale tulipopitia patazamwe kila siku kwa mwezi mzima," alisema. "Pakivimba, pakiwa peusi, au ukigusa ukahisi kitu kinadunda chini ya ngozi, usingoje kesho." Akanipa karatasi yenye picha ya mwili wa mtu, na mshale unaoonesha pale.

Mama alipoiona picha ile aliichukua mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia chini kabisa ya sanduku la kanga. "Makaratasi gani haya ya kutembeza mbele za watu," alisema. Tukarudi kwetu.

Kwetu mgonjwa akirudi safari ya matibabu mlango haufungwi. Walikuja watu wa Kikwajuni, wakaja wa Michenzani, wakaja wengine sijui wa wapi, na mabakuli yao ya uji wa ngano na makashata. Kila anayeingia swali lake lile lile: "Wamekupasua wapi, bibi?" Na mama anaweka kiganja kifuani. "Hapa," anasema, na sauti anaidhoofisha kidogo. Jirani yetu mmoja, mwanamke mcha Mungu, alimwekea mkono juu ya kifua hicho kisicho hata mkwaruzo, akamsomea mpaka machozi yakamtoka. Mimi nipo mlangoni na birika la chai, najiuma midomo nisicheke.

Walipoondoka nikamwambia, "Mama, unawadanganya watu wanaokuombea dua."

"Dua inafika tu, inajua njia. Wewe unataka nimwambie nani kwamba wanaume wazima wamenifunua mapaja? Ndiyo yawe mazungumzo ya maharusini?"

Ikawa hivyo. Kidonda chake dunia nzima inajua kipo kifuani, na sisi wawili tu tunajua kipo wapi, na hata sisi hatukukitaja kwa jina. Tulisema "pale". Mke sina, tuliachana zamani. Binti sikujaaliwa. Nyumbani ni mimi na mama, na katikati yetu pazia la chumba chake, la maua mekundu. Kila asubuhi kabla sijakwenda Malindi nasimama nje ya pazia hilo.

"Mama."

"Naam."

"Pale pakoje?"

"Pazuri, mwanangu, alhamdulillahi. Nenda kazini."

Siku moja tu nilithubutu. Nikasema, "Mama, daktari alisema mtu apaangalie." Akauliza nyuma ya pazia, polepole, "Na huyo mtu ni nani?" Nikaona uso unanipata moto, mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Nikavaa viatu nikaenda zangu kuwafungulisha watu masanduku.

Hospitali ya hapa Unguja kulikuwa na daktari kijana aliyekubali kumfuatilia mama. Alikuwa akinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida, Mungu amlipe. "Umepaangalia?" ananiuliza. "Nimepaangalia." "Hapajavimba?" "Pazuri." Maneno yalinitoka mepesi kabisa. Alituambia twende kliniki apatazame yeye. Mama akauliza, "Yule kijana?" Nikaenda kuulizia kama yuko daktari mwanamke. Yuko, wakasema, lakini amekwenda likizo, atarudi baada ya wiki mbili.

"Tutamngoja," alisema mama.

Nami nikaona wiki mbili si kitu.

Mama ana mdogo wake mmoja, anakaa Mtoni. Huyu mama yangu mdogo ni mkandaji. Wanawake wa kule wakishajifungua huitwa yeye, na maji yake ya moto na majani ya mnyonyo na mikono yake hiyo, na wanasema aliyekandwa na yeye husimama wima siku arubaini zisijafika. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, akamkuta dada yake anachechemea.

"Una nini mguu?"

"Kiti cha ndege hicho," alisema mama. "Kimenikaza nyonga."

"Lo! Na umekaa nalo kimya siku zote hizi, na mimi nipo? Haya, lala."

Nilikuwa sebuleni nakunywa chai. Nilisikia ndoo inawekwa chini, nilisikia kitambaa kinakamuliwa. Pazia lilikuwa limefungwa mpaka mwisho.

"Wapi hasa? Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Ah! Hapo hapo. Taratibu, mdogo wangu."

"Mbona pamekaza hivi? Kuna fundo hapa, dada, linarukaruka. Ni mishipa imesokotana hiyo. Leo nitaliponda mpaka litawanyike."

Nikasimama na kikombe mkononi. Nilijua. Sisemi nilishuku, nilijua, kwa sababu karatasi ile mimi niliisoma kabla haijakunjwa, na neno la kitu kinachodunda nililisikia kwa masikio yangu mawili. Ilinibidi niseme maneno mawili tu: usipakande hapo. Lakini nikiyasema ataniuliza kwa nini. Na nikimjibu, nimemvua mama yangu nguo mbele ya mdogo wake, na uwongo wa kifuani umefumuka, na Mtoni kote watakuwa wanausimulia kabla ya alasiri.

Nikakohoa. Hicho ndicho nilichokifanya kumwokoa mama yangu, nilikohoa.

"Kohoa huko huko, wewe," alisema mama mdogo, "huku kuna wanawake." Wakacheka wote wawili, mama akicheka kwa kuguna maana alikuwa anaumia. Nikaiweka chai yangu chini nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka walipomaliza.

Jumamosi aliniambia pazuri. Jumapili aliniambia pazuri, na sauti ilitoka mbali. Jumatatu nikaita, "Mama," wala sikusikia naam. Nikaita tena. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye pazia. Na hata hapo, wallahi, sikulifunua. Nilishuka ngazi kumi na moja nikaenda kumgongea jirani yule mcha Mungu, nikamngoja avae baibui, nikapanda naye, ili aingie yeye kwanza.

Alipopiga ukelele ndipo nilipoingia. Paja la mama lilikuwa jeusi kama biringani, kutoka pale mpaka gotini, limefura. Alikuwa baridi na jasho limemtota, macho yanazunguka. Aliponiona alifanya kazi moja tu kwa nguvu zilizombakia, alijaribu kuivuta kanga.

Hospitali yule daktari kijana alitazama mara moja akaanza kupiga kelele, chupa za damu, mpasuaji aitwe. Baadaye alinieleza. Tundu la mshipa lilikuwa halikuziba vizuri, damu ikawa inatoka kidogo kidogo na kujikusanyia mfuko chini ya ngozi. Mfuko huo ndio uliokuwa unadunda. Ukiwahiwa unatibika, pengine hata bila kisu. Lakini ulikandwa ukapasuka. Damu ilihitajika nyingi, na waliokuja kutoa ni wachukuzi wa Malindi, wale wale, wameacha mikokoteni yao getini. Mmoja aliniambia, "Fungua Nione, usijali, mama yako ni mama yetu." Nilishindwa kumtazama usoni.

Mshipa ukashonwa. Mama akafungua macho. Daktari akaniita ukumbini.

"Uliniambia umepaangalia."

"Ndiyo."

"Ulipaangalia?"

"Sikupaangalia."

Alifumba macho kidogo. Ni kijana mdogo kwangu, angeweza kuwa mwanangu, na alikuwa amechoka. "Mzee wangu," alisema, kisha akaacha, naona alichotaka kukisema hakikuwa cha kuambiwa mzee. Akaanza upya. "Dawa ya damu nimeisimamisha. Nikiendelea kumpa, atavuja pale tuliposhona. Nikimnyima, damu inaweza kuganda moyoni, au kwenye huo mlango mpya, ikapanda kichwani. Njia isiyo na hatari hatuna tena. Nachagua ya siku chache bila dawa, halafu nimrudishie kidogo kidogo. Nitapaangalia mimi mwenyewe kila siku."

Na alipaangalia, kila siku. Mama aligeuza uso ukutani, yeye akatazama. Ilichukua muda wa kunywa mafunda matatu ya maji. Nilisimama nje ya pazia la hospitali nikahesabu, nikasema moyoni, ndiyo hii tu? Jambo lenyewe ndilo hili?

Mama mdogo alikuja na alijua yote hapo hapo wodini, maana wauguzi hawana siri. Alikaa kwenye benchi, ameviweka viganja vyake mapajani vikiangalia juu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, nikadhani anamlaumu mama. Kisha akanigeukia. "Lakini yeye ni mgonjwa. Wewe ulikuwepo. Ulikohoa." Tangu siku hiyo hajamgusa dada yake.

Siku ya tano daktari alisema jioni ataanza kumrudishia dawa. Asubuhi hiyo nilikuwa namnywesha mama uji. Alikuwa na hali nzuri, hasira zimemrudi, ananikosoa. Alitaka nimletee kanga nyingine kutoka nyumbani, hii ya hospitalini fupi, haimsitiri. "Niletee," alisema. Nikangoja aniambie ipi. Uji ukaanza kumtiririka pembeni mwa mdomo. Niliufuta kwa kidole, nikasema, "Ipi, mama?" Ukatiririka tena, na jicho moja likashuka. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu nilipotambua kwamba neno la pili haliji.

Haliji mpaka leo. Upande wa kulia umekufa wote na ulimi umekwenda na huo upande. Tumefanya mazoezi, tumesomewa visomo, tumefanya yote. Mlango wa moyoni unafanya kazi vizuri kabisa. Daktari alinionesha kwenye kioo chake, unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga. Kazi nzuri wamefanya wale watu wa India, utadumu miaka mingi.

Nilikwenda kumuuliza sheikh wa msikitini kwetu kama mtoto wa kiume yaruhusiwa amhudumie mama yake mambo yote, ikiwa mwanamke wa kufanya hivyo hapatikani. Alinijibu hapo hapo, hata kitabu hakufungua. Dharura inahalalisha, alisema, maradhi ni dharura, wala hapana dhambi. Nikamuuliza, na kutazama kidonda tu? "Hicho hata si cha kuuliza," alisema. Wiki zile mbili nilisali nyuma yake kila magharibi. Swali lenyewe lilikuwa la dakika moja, na sikuliuliza.

Wasaidizi niliwapata wawili. Wa kwanza mgongo ulimshinda, wa pili ulimi wangu ulimkimbiza. Mama mdogo huja kila Ijumaa kutoka Mtoni, anakaa ubavuni mwa kitanda, anamsimulia dada yake habari za watu. Nilimwambia mara moja, "Mama mdogo, nisaidie kumwosha tu." Akanionesha mikono yake. "Kwa hii?" alisema, akaificha ndani ya baibui. Jirani hukaa naye nikiwa kazini. Basi kila alfajiri baada ya sala kazi ni yangu. Namgeuza, namfungua, namfuta, namtia poda, namvisha. Pazia la maua mekundu nimeling'oa, linanizuilia ndoo.

Nimepaona pale sasa. Napaona kila siku. Ni kovu dogo, urefu wa kidole gumba, ngozi yake imekunjika kidogo, basi. Ngozi ya mama mtu mzima. Mbingu haikuanguka.

Mkono wa kushoto ndio pekee unaomtii. Nilidhani atautumia kujifunika huko chini, nami nilijitayarisha kuutoa kwa upole. Hajafanya hivyo hata siku moja. Ninapoanza kumfungua huivuta kanga juu, akajifunika uso, akaishika hapo mpaka nimalize. Siku za mwanzo nilikuwa namwondolea, naogopa asije akakosa pumzi. Alilia bila sauti, mdomo umepinda. Nikaacha.

Daktari bado ananipigia simu, mara moja kwa wiki, baada ya alfajiri kwa sababu anajua ndio wakati.

"Umemgeuza?"

"Nimemgeuza."

"Mgongo umeutazama? Na pale?"

"Nimepatazama."

"Pakoje?"

"Pazuri," namwambia. Na ni kweli.

Nakata simu. Namfunga mama kanga yake ya kifuani vizuri, naivuta shuka mpaka mabegani, nasema, "Tayari, mama. Nshamaliza." Kisha nasubiri mkono ushuke. Siku nyingine unashuka upesi, namwona macho, nampa uji. Siku nyingine jirani anaingia kukaa naye, saa inakwisha, boti ya kwanza inapiga honi Malindi, na mimi naondoka kwenda kazini mkono bado haujashuka.